Njia ya Miguu Isiyobagua Mtu: Kawetele na Miteremko ya Rungwe

Njia ya miguu ndiyo miundombinu kongwe kuliko zote katika nchi ya Rungwe, na ndiyo ambayo hadi leo kwa kawaida haina mhandisi, haina fungu la bajeti wala kibao cha kuitambulisha. Ilitangulia boma la Wajerumani lililoitwa Neu Langenburg, ambalo ndilo Tukuyu ya leo. Ikatangulia misheni ya Wamoravian iliyofunguliwa Rungwe mwaka 1891. Na bila shaka ikatangulia lami inayotoka Uyole kupitia Kiwira na Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Pamoja na ukongwe huo, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya safari za kila siku, za kwenda mtoni, shambani, shuleni, kanisani, mashineni, zahanati na kwa jirani aliyefiwa. Makala haya yanazitazama njia hizo kwa kuanzia Kawetele, kata mojawapo ya eneo la mji wa Tukuyu, na swali lake ni moja: njia ya mashambani iweje ili apite mwenye miguu mizima na asiye nayo, mwenye baiskeli na mwenye kiti mwendo, anayeona na asiyeona, kijana na bibi mwenye mkongojo?

Jina Kawetele huchanganya watu, kwa kuwa msitu ulio juu ya Jiji la Mbeya nao huitwa hivyo, na msafiri asiyeuliza anaweza kujikuta kilomita 70 mbali na mahali alipokusudia. Kawetele inayozungumzwa hapa ni ya Tukuyu, mji uliokaa mabegani mwa Mlima Rungwe, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ni mahali ambapo mji na shamba havijaachana: hatua chache nyuma ya maduka huanza migomba, kahawa, chai na parachichi, na barabara ya magari inapokoma ndipo njia ya miguu inapoanza kushuka bondeni. Hali hiyo ya kuwa katikati ndiyo inayoifanya Kawetele kuwa mfano mzuri, kwa sababu wakazi wake huhesabiwa kuwa wa mjini ilhali wengi wao hutembea kama watu wa kijijini.

Umbo la nchi hii limetokana na volkano. Mlima Rungwe, wenye urefu unaokaribia mita 3,000, pamoja na kreta nyingi zinazouzunguka, umemwaga majivu na mawe kwa maelfu ya miaka, na mito ikachimba mabonde membamba yenye kuta kali kati ya mgongo mmoja wa ardhi na mwingine. Nyumba hujengwa juu ya migongo hiyo, maji yako chini, na mashamba yako ubavuni. Kwa hiyo mkazi wa Tukuyu hawezi kufanya shughuli nyingi bila kupanda na kushuka, na mtu ambaye mwili wake hauwezi kupanda na kushuka huishia uani. Tena mvua ya Tukuyu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma, nayo huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Mei. Mteremko na maji ndiyo mambo mawili yanayoamua hatima ya kila njia katika wilaya hii, na yeyote anayezungumzia njia jumuishi bila kuanza na hayo mawili anazungumzia nchi nyingine.

Neno linalotumiwa na wataalamu kwa jambo hili ni ufikivu, yaani hali ya mahali au huduma kuweza kufikiwa na kutumiwa na kila mtu bila kujali uwezo wa mwili wake, bila kumlazimu kubebwa au kuomba msaada usio wa lazima. Maofisini neno hilo hujulikana zaidi kwa umbo la maneno ambayo yamekuwa kama wimbo katika ripoti, yaani miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu, na mara nyingi wimbo huo huishia kwenye njia ya saruji yenye mteremko mlangoni pa jengo jipya. Njia hiyo ya mlangoni ni jambo jema, lakini ina kichekesho chake pale ambapo mtu mwenye kiti mwendo hawezi kutoka nyumbani kwake na kuufikia mlango wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, haukuacha mwanya kwa kichekesho hicho: ibara yake ya 9 inataja barabara pamoja na majengo na usafiri, na inasema wazi kwamba wajibu huo ni wa mijini na vijijini. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, ambayo nayo inadai mazingira yanayofikika.

Idadi ya wanaoguswa si ndogo kama inavyodhaniwa. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa namna fulani, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka huohuo kuwa watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya walimwengu, wana ulemavu mkubwa. Hata hivyo takwimu hizo haziwataji mjamzito wa miezi minane, mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani, kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, mzee ambaye magoti yamechoka, wala mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Wilaya ya Makandana juu ya machela mabegani mwa watu wanne. Machela yenyewe ni kipimo kizuri cha njia, kwa kuwa watu wanne wanaotembea wawili wawili huhitaji upana na uimara uleule anaouhitaji mwenye kiti mwendo.

Mteremko hupimwa kwa uwiano. Uwiano wa 1 kwa 20 maana yake kila mita 20 za kwenda mbele njia hupanda au kushuka mita 1, nao ni mteremko ambao mtu mwenye kiti mwendo anaweza kuumudu mwenyewe na mwendesha baiskeli mwenye mzigo anaweza kuupanda bila kushuka. Uwiano wa 1 kwa 12 ndio mkali wa mwisho unaokubaliwa na viwango vingi duniani, tena kwa masharti kwamba kila njia inapopanda sentimita 75 hivi pawepo mahali bapa pa kupumzikia, pasipopungua mita moja na nusu kwa urefu. Zaidi ya hapo kiti hurudi nyuma au hupinduka, na anayekisukuma naye huishiwa nguvu.

Sasa vipimo hivyo na viwekwe kwenye mteremko wa kawaida wa Tukuyu. Tuseme kutoka mgongo wa ardhi hadi kijito chini kuna tofauti ya mwinuko ya mita 30, jambo ambalo si geni hata kidogo. Njia ya miguu iliyozoeleka hushuka moja kwa moja kwa urefu wa mita 100 tu, ikiwa na vidato vilivyochongwa kwa jembe kwenye udongo, na mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Ili njia hiyo iwe na uwiano wa 1 kwa 12, urefu wake utakuwa mita 360, na ukijumlisha sehemu bapa takribani 40 za kupumzikia utafika mita 420. Kwa uwiano wa 1 kwa 20 utakuwa mita 600. Njia ya namna hiyo haiwezi kushuka kama maji. Lazima ikate ubavu wa mlima kwa kwenda na kurudi, kama inavyofanya barabara ya magari milimani, na ikiwa upana wake pamoja na mtaro ni mita 2, itachukua mita za mraba 1,200, ambazo ni karibu theluthi moja ya ekari. Kwa migomba iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hiyo ni migomba zaidi ya 130.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima, na wengi wanaoandika juu ya ufikivu hupapita haraka. Katika nchi tambarare, njia jumuishi ni suala la fedha na saruji. Katika Rungwe, ambako ardhi ina rutuba nyingi na watu wengi, ni kwanza suala la ardhi, yaani nani atakubali mashina yake ya migomba yang'olewe ili jirani yake apite kwa kiti mwendo. Si kila njia inayoweza wala inayopaswa kufanywa hivyo, na kusema vinginevyo ni kuahidi kisichotekelezeka. Lakini katika kila kitongoji zipo njia moja au mbili ambazo ni uti wa mgongo, zinazofika shule, zahanati, kituo cha maji na barabara ya magari, na nyingine hufuata juu ya mgongo wa ardhi ambako mteremko ni mdogo kwa asili yake. Kuzitambua hizo na kuzitengeneza vizuri kuna maana kubwa kuliko kugawanya fedha kidogo kidogo kwenye njia zote.

Baada ya mteremko huja uso wa njia. Udongo wa volkano una sifa ya kulisha migomba na ubaya wa kuteleza, na gurudumu jembamba la mbele la kiti mwendo cha hospitalini huzama ndani yake kama kisu. Tiba ya kawaida katika lugha ya barabara za Tanzania ni kuiinua njia hadi kiwango cha changarawe, yaani kumwaga tabaka la changarawe na kulishindilia mpaka likaze. Kwa njia iliyo karibu na tambarare tiba hiyo inatosha, ilimradi uso uinamishwe kidogo upande mmoja kwa asilimia 2, ambayo kwa njia ya upana wa mita moja na nusu ni sentimita 3 tu: maji hutoka, na kiti hakiburutwi pembeni. Lakini wahandisi wa barabara za vijijini huonya kwamba mahali penye mvua nyingi na mteremko unaozidi asilimia 6 hivi, changarawe haidumu. Msimu mmoja wa masika huisafirisha hadi mtoni. Sehemu hizo zinadai mawe yaliyopangwa na kuunganishwa kwa saruji, nayo Rungwe haina upungufu wa mawe meusi ya volkano. Kinachohitajika ni fundi anayejua kuyachonga upande wa juu yawe bapa na kuacha viungo vyembamba vilivyojazwa hadi juu, kwa sababu sakafu ya mawe yenye mashimo humtikisa mwenye kiti mwendo hadi mifupa, na huinasa ncha ya fimbo nyeupe ya asiyeona.

Maji yenyewe hayazuiliki ila huelekezwa. Kila mita kadhaa, kadiri mteremko unavyozidi, njia inahitaji mkato wa kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata nguvu, na mikato hiyo isiwe magogo yaliyolazwa njiani kama inavyoonekana mara nyingi, kwa kuwa gogo ni ukuta kwa gurudumu dogo. Mfereji mpana wenye kina kifupi, mfano wa sahani, hufanya kazi hiyohiyo na gurudumu hupita juu yake bila kushtuka. Hili ni jambo dogo sana kwa gharama na kubwa sana kwa matokeo.

Kuhusu upana, mtu mmoja mwenye kiti mwendo huhitaji nafasi isiyopungua sentimita 90, na ili wawili wapishane bila mmoja kurudi nyuma huhitajika mita 1 na sentimita 80. Asiyeona huhitaji kitu kingine kabisa, nacho ni ukingo: mstari wa nyasi, wa mawe au wa ua ambao fimbo yake inaweza kuufuata bila kukatika. Wakazi wa Rungwe wanaopanda ua kando ya vichochoro vya nyumbani kwao wamekuwa wakimjengea asiyeona njia bila kujua, na kinachobaki ni kukata matawi yanayoning'inia usawa wa uso, ambayo fimbo ya chini haiwezi kuyagundua. Watu wenye ualbino, ambao wengi wao huona kwa shida hasa penye mwanga mkali, hufaidika na kivuli na vilevile na tofauti ya rangi, kama vile mstari wa chokaa kwenye ukingo wa kidato au wa kivuko. Kwa wazee, benchi kila baada ya mita 100 au 150 laweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kwenda kanisani na kubaki nyumbani. Benchi hilo si lazima litoke dukani. Jiwe pana lililolazwa vizuri linatosha.

Kivuko, yaani daraja dogo la waenda kwa miguu, ndicho kinachokata au kuunganisha njia yote. Gogo moja au mawili yaliyolazwa juu ya kijito humpitisha kijana mwenye mizani ya mwili, na humrudisha kila mwingine. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, umejenga katika mikoa mbalimbali madaraja ya mawe yenye umbo la upinde, ambayo hayahitaji nondo na hugharimu fedha pungufu sana kuliko ya zege. Teknolojia hiyo ingefaa vijito vya Rungwe, ambako jiwe liko karibu na nondo ziko mbali. Nchi ya Nepal, ambayo milima yake ni mikubwa zaidi ya hii, imejenga kwa miongo kadhaa maelfu ya madaraja ya kuning'inia kwa ajili ya watembea kwa miguu pekee, na imeyaingiza katika mipango ya serikali kama miundombinu kamili badala ya kuyaona kama hisani ya wafadhili.

Baiskeli ina hadithi ya ajabu katika kona hii ya nchi. Kyela, wilaya jirani iliyo tambarare kando ya Ziwa Nyasa, ni nchi ya baiskeli: hubeba mpunga, kakao, abiria na wanafunzi, na hakuna anayeshangaa kumwona mwanamke akiiendesha. Huko Tukuyu, iliyo juu yake kwa takribani mita 1,000, baiskeli ni chache na bodaboda zimetawala, na sababu haihitaji utafiti mrefu. Hata hivyo kosa hufanyika pale baiskeli inapofikiriwa kuwa chombo cha kupandwa tu. Katika milima, baiskeli ni pia toroli: mkulima hufunga mkungu wa ndizi au dumu la maziwa kwenye keria na kuisukuma, na mzigo ambao ungemlemea kichwani huwa mwepesi. Kwa matumizi hayo njia haihitaji kuwa tambarare. Inahitaji kutokuwa na vidato na kuwa na upana wa mtu na baiskeli wakiwa bega kwa bega, yaani mita 1 na sentimita 20 au zaidi. Parachichi aina ya Hass, ambayo siku hizi ni zao la thamani Rungwe, huchubuka linaporuka kwenye mashimo na hukataliwa na mnunuzi, hivyo njia laini anayoihitaji mwenye kiti mwendo ndiyo anayoihitaji pia mkulima anayepeleka parachichi mahali pa kukusanyia.

Wapo wanaodai kwamba njia ikipanuliwa na kulainishwa bodaboda zitaivamia, na wana haki ya kuhofu, kwani pikipiki kwenye njia ya miguu huchimba mfereji katikati na kuwatishia watoto. Suluhisho linalokuja haraka akilini ni kuweka nguzo au vizuizi mwanzoni mwa njia. Uingereza ilijaribu hilo kwa miaka mingi: mtandao wake wa taifa wa njia za baiskeli, uliokua kutokana na kazi ya shirika la Sustrans lililoanza Bristol mwishoni mwa miaka ya 1970, ulijaa mageti ya kuzuia pikipiki, na miaka ya karibuni shirika hilohilo limekuwa likiyaondoa au kuyabadilisha, baada ya kutambua kwamba yaliwafungia nje wenye baiskeli za magurudumu matatu, wenye viti mwendo na wenye vigari vya watoto. Hesabu yake ni rahisi: usukani wa pikipiki una upana wa sentimita 80 hivi, nayo baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu hukaribia au kuzidi hapo, kwa hiyo hakuna mwanya unaoweza kumzuia wa kwanza na kumpitisha wa pili. Katika Rungwe kuna sababu nyingine ya kutojenga vizuizi, kwamba bodaboda hiyohiyo usiku huwa ndiyo gari la wagonjwa. Kinachofaa ni sheria ndogo ya kijiji au ya mji mdogo inayotaja njia, saa na faini, ikisimamiwa pamoja na viongozi wa kijiwe cha bodaboda wenyewe, ambao mara nyingi wanajuana na kila mmoja anayepita.

Wazo la kuitazama njia ya miguu kama miundombinu si geni katika ukanda huu. Upande wa pili wa uwanda wa Kitulo, katika Wilaya ya Makete, ambayo wakati ule ilikuwa Mkoa wa Iringa na sasa ni Njombe, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ulifanyika mradi wa usafiri vijijini uliosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani kwa msaada wa Uswisi, ambao baadaye ulitajwa duniani kote. Kabla ya kujenga chochote, watafiti waliuliza kaya zinakwenda wapi, kwa muda gani na zikibeba nini, na majibu yakawashtua wapangaji waliozoea kuhesabu magari: safari nyingi hazikuwa za kwenda mjini hata kidogo, bali za ndani ya kijiji au jirani yake, kwa miguu, kutafuta maji, kuni, shamba na mashine ya kusaga, na mzigo mkubwa wa muda na kilo ulikuwa juu ya wanawake. Mradi ukatengeneza njia za miguu na vivuko, ukaleta punda na mikokoteni midogo, na ukajaribu kusogeza huduma karibu ili safari yenyewe isiwe ya lazima. Ufikivu wa watu wenye ulemavu haukuwa jina la mradi, lakini mbinu yake ya kuanza na msafiri badala ya chombo ndiyo hasa inayohitajika Kawetele leo, na ni hasara kwamba somo lililopatikana umbali mfupi namna hii linasomwa zaidi vyuoni ng'ambo kuliko katika halmashauri za jirani.

Kisheria njia ya miguu si yatima kabisa, ingawa inaishi kama yatima. TARURA inasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 za barabara za wilaya, lakini mtandao huo ni wa barabara, na kijia cha bondeni hakimo. Kwa upande mwingine Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inaitambua haki ya njia ya umma, yaani haki ya watu wote kupita mahali fulani hata kama ardhi ina mwenyewe, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, inakipa kijiji uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi yake. Kijiji kinapoandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, njia zinaweza kuchorwa kwenye ramani na kutengewa upana wake kabla hazijamezwa na mashamba. Njia isiyochorwa hupungua kila msimu wa kulima kwa upana wa jembe, na hakuna anayeweza kumshtaki mtu kwa jembe moja.

Fedha na nguvu kazi zipo katika mifereji inayofahamika, japo hazijaelekezwa huku mara nyingi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, hulipa kaya maskini ujira kwa kazi za muda, ukiwemo ukarabati wa barabara za kijiji, na halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kikundi kinachochonga mawe ya kupanga au kinachotunza mitaro kwa mkataba kinaweza kuwa cha watu haohao watakaoitumia njia. Matunzo ndiyo mtihani halisi: njia nzuri isiyofyekwa wala kuzibuliwa mitaro kwa masika mawili hurudi kuwa korongo, na hilo laweza kutokea kwa saruji ya mfadhili yeyote.

Chombo nacho kina nafasi yake. Kiti mwendo kilichotengenezwa kwa korido za hospitali hakifai Rungwe hata njia ikiwa nzuri, na viti vingi vya msaada huishia kuwa vibanda vya kuku baada ya gurudumu la mbele kuvunjika. Chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho hufundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika, kimehusishwa na kazi ya kueneza viti vinavyofaa ardhi mbovu, ambavyo gurudumu moja kubwa la mbele hukaa mbali na kukifanya kiti kisipinduke kinapokutana na jiwe. Kiti cha namna hiyo hutumia tairi na bearingi zinazopatikana kwa fundi baiskeli, jambo ambalo mwenye kukaa kilomita 70 kutoka Mbeya atalithamini kuliko rangi yake.

Utalii unastahili neno fupi, kwa kuwa Rungwe inautangaza. Ziwa Ngosi, lililo ndani ya kreta katika milima ya Uporoto, hufikiwa kwa kupanda msitu mkali wenye mizizi na matope, na hakuna haja ya kumdanganya mtu kwamba panaweza kulainishwa bila kuuharibu msitu. Ziwa Masoko na Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira ni habari nyingine, maana gari hufika karibu, na njia fupi yenye uso mgumu, ukingo salama na mahali pa kukaa ingewafikisha wageni na wenyeji ambao hadi sasa husubiri garini wenzao wakipiga picha. Hata pale pasipoweza kubadilishwa, kibao kinachosema ukweli kuhusu urefu wa njia, ukali wa mteremko, idadi ya vidato na hali ya uso wakati wa mvua humpa mtu mwenye ulemavu jambo analonyimwa mara nyingi, yaani uamuzi wake mwenyewe.

Msomaji wa Kawetele, au wa milima mingine yoyote, anayetaka kujua kama njia inayopita mbele ya nyumba yake inapitika na kila mtu, hahitaji kumsubiri mtaalamu. Achukue ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 2 na pimamaji ya fundi mwashi, auweke ncha moja juu ya njia upande wa mlimani, ainue ncha ya pili mpaka tone la hewa litulie katikati, kisha apime nafasi iliyo kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikiwa ni sentimita 10 au pungufu, mteremko hauzidi 1 kwa 20 na njia inafaa; ikifika sentimita 17, ni 1 kwa 12 na panahitajika mahali pa kupumzikia; ikizidi hapo, yupo jirani ambaye kwa sababu ya njia hiyo hatoki nyumbani, na vipimo hivyo vikiandikwa kwenye karatasi vinaweza kupelekwa kwenye mkutano ujao wa kitongoji.